Kipengele cha Saba

Mpango niliuandika mwenyewe, kurasa tisa, na hakuna mtu wa kumsingizia. Nasema mapema kwa sababu watu wa ofisi yetu wana huruma inayoudhi. Ukikosea wanakuambia ni umeme, ni vumbi, ni shetani. Haukuwa umeme. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa kompyuta wa Mradi wa Sauti za Wazee, kwenye ile nyumba ya kupanga yenye geti la kijani kule Njiro, Arusha, na jalada la mpango lina jina langu kwa herufi kubwa: AGNELA, likifuatiwa na jina la baba yangu, mtu wa Kibosho ambaye hajawahi kupoteza hata jembe.

Ilikuwa 2001. Mashamba makubwa ya zamani, yaliyokuwa ya Wazungu kisha yakawa ya umma, yalikuwa yanakodishwa kwa wawekezaji. Kuanzia Usa River kupanda mlimani, kila ukipita ulikuta nyumba za plastiki za maua zimeongezeka. Kila mwekezaji alikuja na ramani. Wanavijiji waliopakana naye hawakuwa na ramani, walikuwa na wazee wao tu. Kazi yetu ilikuwa kuwaendea wazee hao na rekoda, watueleze mpaka ulipita wapi, nani alipanda isale na mwaka gani. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao Wameru na Wachaga huupanda kuwa alama ya mpaka, na kwetu mtu haung'oi hivi hivi. Mwekezaji yeye aling'oa kwa trekta.

Mkurugenzi wetu, Mzee Abdiel, alikuwa Mmeru, mwalimu mstaafu. Alikuwa ameishi ile miaka ya foleni za sabuni na hakuwahi kupona. Maduka yalikuwa yamejaa bidhaa mpaka zinamwagika barabarani, lakini yeye bado alifungua bahasha kwa mvuke wa chai ili aitumie tena. Kaseti ndiyo kabisa, kwake ilikuwa mali. Tulikuwa na kaseti themanini kabatini, zote zimejaa sauti, na kila nilipomwambia tunahitaji nyingine alinitazama kana kwamba nimeomba ng'ombe.

Hapo ndipo nilipokuja na seva. Kabla yake kila mtu alikuwa na vyake: picha za mipaka kwenye kompyuta ya huyu, tafsiri kwenye ya yule, sauti kabatini. Mpango wangu ulisema vitu vyote vikae mahali pamoja, kwenye folda moja ambayo kila kompyuta ya ofisi ingeiona kupitia mtandao. Folda nikaiita PAMOJA. Seva ilikuwa na nafasi nne za diski. Tungeanza na mbili, nikiziunganisha zionekane kama moja, na kila zikikaribia kujaa tungeongeza nyingine. Folda ingepanuka yenyewe, bila mtu kuhama wala kupanga upya. Nilichora hata picha, mstatili unaokua. Nilijiona nimefika.

Diski tulizinunua kwa Nikhil, ambaye familia yake ilikuwa imeuza redio mjini Arusha tangu babu yake, na sasa yeye aliuza kompyuta katika duka lile lile. Nilimwonyesha mchoro wangu ili anisifie. Aliufuata kwa kidole, diski kwa diski.

"Dada Agnela, ukiunganisha hivi, faili moja linaweza kulala nusu huku nusu kule. Diski moja ikifa, zote zimekufa. Kwa nini usizipange mbilimbili? Kila moja na pacha wake."

"Nikizipanga mbilimbili nafasi inabaki nusu, kaka Nikhil. Sisi tunataka kukua."

"Basi uwe na nakala nje. Choma CD, uweke nyumbani kwako."

"Ipo kwenye mpango," nikamjibu. "Awamu ya pili."

Awamu ya pili! Nchi hii ina lami ya awamu ya pili, maji ya bomba ya awamu ya pili, zahanati ya awamu ya pili ambayo msingi wake umeota majani. Nilikuwa nazicheka sana hizo zahanati. Nikakaa mezani nikaandika yangu.

Mzee Abdiel hakutaka kusaini. Alisoma kipengele cha kwanza mpaka cha sita akikunja uso, na niliona wazi kwamba hakielewi hata kimoja. Nikamwomba anirudishie karatasi nirekebishe kidogo. Nikaongeza kipengele cha saba, ambacho nakijua kwa moyo: "Kanda zikishanakiliwa kwenye seva na kuhakikiwa, zitumike upya." Aliposoma hicho uso ukamfunguka. Alitoa kalamu akasaini palepale, akaniambia, "Binti, sasa umeongea."

Kwa hiyo kipengele hicho hakikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu. Nilikiandika ili kumfurahisha mzee.

Mwezi wa nane tulikwenda kwa Mzee Kaanaeli, juu ya Usa River, kwenye kijiji kilichopakana na shamba la mwekezaji mmoja wa maua. Kati ya kijiji na shamba palikuwa na ukanda wa ardhi, migomba na kahawa, kaya kumi na moja. Mwekezaji alisema ukanda ni wake kwa sababu mpaka ni mfereji wa maji, na ramani inaonyesha mfereji. Wanakijiji walisema mfereji huo ulihamishwa zamani na yule Mzungu wa kwanza, kwamba mpaka wa kweli ni mfereji wa kale uliokwisha kufukiwa, na isale zilipandwa kuufuata. Waliozipanda walikuwa vijana sita. Watano walikuwa wamekufa. Wa sita alikuwa Mzee Kaanaeli, na nyumba yake ilikuwa katikati kabisa ya ukanda huo.

Alizungumza karibu saa moja na nusu, kaseti nzima, pande zote mbili. Alizungumza Kimeru, kwa sababu alisema mambo ya ardhi hayasemeki vizuri kwa lugha ya shule. Mimi Kimeru sikijui. Nilishika rekoda na kumfuata akitembea na Mzee Abdiel, anasimama, anaonyesha kwa fimbo, anahesabu, anataja majina ya watu, anahesabu tena. Sikuelewa kitu ila majina. Mwishoni tulirudi uani, mkewe Bibi Eunike akaleta maziwa, na mzee akanigeukia, akaniuliza swali kwa Kiswahili. Nikamjibu. Tukacheka, nikazima rekoda.

Wiki hiyo hiyo niliinakili kaseti kwenye seva, nikaihakiki kama mpango ulivyosema, nikaweka alama ya vema kwenye orodha. Kaseti K-14 ikaingia kwenye boksi la kutumika upya. Mzee Abdiel akaanza kuitafsiri kidogo kidogo, akisikiliza kwenye kompyuta na kuchapa Kiswahili chake humo humo kwenye PAMOJA. Hatukuchapisha hata ukurasa mmoja, kwa sababu karatasi nayo ilikuwa mali.

Mwezi wa kumi na moja Mzee Kaanaeli akafariki. Alizikwa nyuma ya nyumba yake, mahali alipochagua mwenyewe, palipokuwa na isale moja kabla ya trekta. Msibani Bibi Eunike alituambia maneno ya mumewe: "Alisema anayetaka kuusogeza mpaka, amsogeze na yeye." Alisema hivyo bila kulia. Alikuwa na uhakika. Ofisa wa ardhi alikuwa amepanga kusikiliza shauri mwishoni mwa Januari, na alikwisha kukubali kusikia sauti ya marehemu pamoja na tafsiri yake. Bibi alinishika mkono akauliza kama ile sauti ipo. Nikamwambia ipo, bibi, lala salama.

Sasa niseme habari za kitambaa, maana na hicho ni changu.

Mama Evaresta ndiye aliyefanya usafi na kupika chai ofisini. Siku seva ilipowekwa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, nilimwita nikamfundisha kama bosi: hapa hupigi deki, hapa hufagii kwa fujo, adui wa mashine hii ni vumbi. Barabara ya mtaa wetu haikuwa na lami, lori likipita vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mama Evaresta alinisikiliza kwa makini. Mwezi mmoja baadaye, kwenye kikao cha Jumatatu, baada ya sala, akasimama na kutoa kifurushi. Alikuwa amefuma kitambaa cha nyuzi nyeupe na pindo la buluu, kikubwa, kizito, chenye maua manne kwenye pembe, kama vile vinavyofunika televisheni na makochi katika kila sebule ninayoijua, pamoja na ya mama yangu. Alikuwa amekifuma kila jioni kwa mwezi mzima. Kilikuwa cha seva.

Watu walipiga makofi. Mzee Abdiel alisema huo ndio moyo wa mradi. Wewe ungesema nini? Ungesimama mbele ya mama wa umri ule umwambie mashine inahitaji kupumua, chukua kitambaa chako? Nilisema asante, mama, kizuri sana. Kwa wiki mbili nilikitoa kila asubuhi, na kila jioni nilikuta amekirudisha, amekinyoosha vizuri, maua yametazama mlangoni. Wiki ya tatu nikachoka. Nikajiambia feni zinafanya kazi.

Desemba ikaja. Mtu asiyejua mambo yetu hawezi kuelewa Desemba ya Mchaga. Krismasi huwezi kuikalia Arusha, hata uwe na homa. Lazima upande kwenu, uonekane, mbuzi achinjwe, uulizwe utaolewa lini. Ofisi ilifungwa tarehe ishirini. Tarehe kumi na tisa nilikuwa nimeweka diski ya nne, ya mwisho, na PAMOJA ikapanuka mbele ya macho yangu kama nilivyochora. Nilifurahi kitoto. Seva niliiacha inawaka, kwa kuwa kipengele cha tatu kilisema isizimwe kamwe. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya wezi. Nikapita chumba cha nyuma na begi begani, nikakigusa kitambaa. Kilikuwa na joto, kama kile unachofunikia chapati zisipoe.

Nikasimama pale. Nakumbuka vizuri kwamba nilisimama. Basi la Moshi lilikuwa linaondoka saa tisa, na Mama Evaresta alikuwa mlangoni na funguo, anatabasamu, ananiambia niwasalimie Kibosho. Nikasema moyoni, nikirudi Januari nitaongea naye kwa upole. Nikaondoka.

Tulirudi tarehe saba. Mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguliwa, joto lilinipiga usoni. Seva ilikuwa inawaka, na kutoka chini ya kitambaa kulikuwa na mlio mdogo, tik, kimya, tik, kimya. Nilikivuta kile kitambaa nikakitupa sakafuni. Nilizima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Diski ya pili haikuonekana. PAMOJA haikufunguka. Nilipoiuliza kompyuta ni nini kilichobaki, ilinijibu kwamba hakuna kitu kinachoitwa hivyo.

Mama Evaresta alikuja na trei ya chai. Nilimfokea. Nilimfokea mama aliyeniombea safari njema, mbele ya watu, nikimwonyesha kitambaa chini kana kwamba ni panya aliyekufa. Alisubiri nimalize. Akaweka trei, akainama, akakiokota, akakikunja mara nne.

"Wewe ndiye uliniambia vumbi, mwanangu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Kitambaa alikwenda nacho kwao, na mpaka leo sijamwomba radhi ipasavyo, kwa sababu kila nikianza ananikatisha, anasema ni umeme tu ule, mwanangu, Njiro umeme mbaya.

Nikhil aliiweka diski sikioni kama daktari. Hakunikumbusha alichonionya, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. "Huyu amekufa, dada," akasema. Aliituma kwa fundi anayemjua Nairobi, ikarudi baada ya siku tisa ikiwa na kikaratasi: uso wa ndani umechubuka, hakuna cha kuokoa. Nilimuuliza zile diski tatu nyingine nzima, je? Alizigeuza mkononi moja moja. Alisema zina vipande, na faili za sauti kubwa kama zetu zimelala nusu huku nusu kule, na hata akivipata hatajua kipi kinafuata kipi. Nilizisikiliza siku tatu mfululizo kwa programu aliyonipa, nikitafuta hata neno moja la Kimeru. Nilipata mkwaruzo tu.

Basi zikabaki kaseti. Nilimwaga boksi lote mezani. Themanini. Mzee Abdiel alikuwa mtu wa bidii, Desemba nzima kabla ya sikukuu alikuwa amezunguka vijiji vya upande wa pili wa mlima, akirekodi juu ya zile za zamani, moja baada ya nyingine, akifuta lebo kwa kifutio na kuandika upya kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alikuwa amezitumia sitini na tatu. K-14 ilikuwa mojawapo. Aliichukua mkononi, akaona alama ya penseli aliyoifuta mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Tulijua ipo," akasema. "Agnela, si tulijua ipo?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, tulijua.

Tuliisikiliza K-14 yote. Upande wa kwanza mama mmoja wa kijiji kingine anaeleza habari za chemchemi. Upande wa pili anaendelea. Dakika zilivyokuwa zinaisha niliongeza sauti, maana mama yule alianza kuaga, na utepe ulikuwa bado haujaisha. Akaaga, rekoda ikakata, na mara ikatoka sauti ya Mzee Kaanaeli, chakavu, karibu sana. Mzee Abdiel akashika meza. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na kitu. Nilizisikiliza mara tisa siku ile. Mpaka haukuwemo. Hakuna mfereji, hakuna isale, hakuna hesabu. Ilikuwa tayari wakati wa maziwa.

Shauri lilisikilizwa Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi. Ofisa wa ardhi alikuwa kijana mstaarabu, na ndiyo sababu ilikuwa mbaya zaidi. Mwanasheria wa mwekezaji alitandaza ramani ubaoni kwa vibanio. Kisha ofisa akageuka upande wetu akaomba sauti.

Nilisimama nikaeleza. Nilieleza diski, nilieleza joto, nikasikia ninavyozungumza na nikaona nyuso za wanakijiji zinavyonitazama, kwa heshima, kama watu wanaosikiliza dua ya lugha ngeni. Hakuna aliyenielewa mpaka niliposema, "Imepotea." Hilo walilielewa.

Mzee Abdiel akaomba aseme yeye, kwa kuwa alimsikia marehemu kwa masikio yake na kuanza kumtafsiri. Ofisa akamruhusu.

"Isale zilikuwa ngapi, mwalimu?"

"Kumi na mbili." Akahesabu kwa vidole. "Au kumi na moja, na moja ya kaburi."

"Ya kwanza ilikuwa wapi?"

"Palipo na jiwe kubwa, mkono wa kulia ukipanda."

"Mawe makubwa nimeyaona manne. Lipi?"

Mzee Abdiel alivua miwani. Nilimwona anatembea kichwani mwake nyuma ya Mzee Kaanaeli, anasimama, anatazama fimbo inapoelekea, na haioni. Mtu ambaye aliweza kukutajia majina ya darasa lake la mwaka sitini na nne. "Sikukariri," akasema taratibu. "Ningekariri. Nilijua ipo."

Bibi Eunike naye aliulizwa. Alisema ukweli, kwamba yeye aliolewa pale akitokea Engutoto, akakuta isale zimekwisha kupandwa, na wanaume hawakuwa wakiwatembeza wanawake mipakani. Alijua mumewe alisema ni pale. Ofisa alimuuliza kama angeweza kuonyesha pale. Bibi alisema mumewe alikwisha kuonyesha, mashine ilisikia.

Uamuzi haukuchukua muda. Kwa kuwa hakuna ushahidi mwingine, mpaka ungesomwa kama ulivyo kwenye ramani, yaani mfereji wa sasa. Kaya kumi na moja zilipewa miezi sita. Kuhusu kaburi, ofisa alisema kwa sauti ya chini kwamba familia inaweza kuomba kibali cha kulihamisha, na kwamba mwekezaji ameahidi kusaidia usafiri. Mwanasheria alitikisa kichwa kukubali. Akaanza kutoa vibanio vyake, kimoja kimoja.

Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kwenye gari. Bibi Eunike akanifuata.

"Nasikia kuna kipande kimebaki."

"Ni kidogo, bibi. Hakina maana."

"Ni sauti yake?"

"Ni yake."

"Basi twende nyumbani."

Tulikwenda, yeye, mimi na Mzee Abdiel, ambaye aliishia getini kwenye migomba na hakutaka kuingia. Bibi alinipa kigoda. Niliweka rekoda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikabonyeza. Kwanza vikombe viligongana. Kisha mzee akasema, wazi kabisa, kwa Kimeru ambacho Mzee Abdiel alikwisha kunitafsiria, "Eunike, maziwa ya wageni yako wapi?"

Bibi akainuka nusu kwenye kigoda chake. Aliinuka kweli, mkono umeshashika khanga, kabla hajakumbuka. Akakaa tena polepole, na mimi nikatazama chini.

Sauti ikaendelea. Alikunywa, akasifu maziwa, akakohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mama, nikuulize wewe mwenye mashine. Na mimi nikishaondoka, haya niliyosema yatabaki?"

Na sauti ya msichana ikajibu haraka, changamfu, bila hata kufikiri: "Yatabaki, Mzee! Hii haipotei. Hata tukijaa, tunaongeza nafasi nyingine." Mzee akacheka, msichana naye akacheka, kisha ikakata.

"Rudisha," akasema bibi.

Nikarudisha. Safari hii hakuinuka alipoitwa, lakini midomo yake ilicheza. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya tatu, wakati ule msichana anacheka, aliinamisha kichwa kusikiliza vizuri.

"Huyo binti ana sauti nzuri," akasema. "Ana furaha. Yuko wapi siku hizi?"

"Ni mimi, bibi."

Nilitamani anitukane, anitemee mate, aniambie nitoke kwenye ardhi yake wakati bado ni yake. Alinyoosha kidole tu kwenye rekoda.

"Rudisha pale anapouliza. Akimaliza, zima."

Nikarudisha. Kikohozi, kisha swali lake, taratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani: na mimi nikishaondoka, haya niliyosema yatabaki? Nikazima. Nyuma ya nyumba, kupitia mlango uliokuwa wazi, nililiona kaburi, udongo wake bado haujakaa.

"Ameuliza," akasema Bibi Eunike. "Mjibu."